Kabla hujalipa ada ya shule ya kimataifa ughaibuni, mjue kwanza mtoto unayempeleka

Dar es Salaam. Ujumbe wa sauti wa dada yangu uliingia kwenye simu saa nne usiku, wakati Dubai ikiwa tayari saa tano. Alikuwa ananong’ona ili asiamshe watoto.

“Leo wameniita shuleni. Wanasema mtoto haongei. Tangu ameanza hajatamka hata neno moja darasani. Wananiuliza kama nyumbani nako yuko hivyohivyo.”

Nilisikiliza ujumbe ule mara mbili, maana mtoto anayezungumziwa namjua. Ana miaka 7. Nyumbani kwetu Tanga babu yake alimpa jina la Redio, kwa kuwa akiamka asubuhi hazimwi hadi alale. Kila akinipigia simu mimi mama yake mdogo, ni lazima anieleze habari za kuku wote wa jirani.

Sasa Redio alikuwa amezimika. Wiki ya saba shuleni, kimya. Shule ilikuwa inapendekeza apimwe uwezo wa kujifunza, na huenda akahitaji mwalimu msaidizi wa kukaa naye darasani, ambaye mzazi ndiye angemlipa. Dada alikuwa anafikiria kumrudisha Tanga kwa bibi yake.

Kazi yangu ni kuandika habari za afya, kwa hiyo ndugu wakipatwa na jambo kama hili huniuliza mimi kwanza. Safari hii nami ilibidi niulize. Katika kuulizauliza, nikagundua kwamba tatizo lilianza kabla ndege haijaruka, siku shule ilipochaguliwa.

Tulivyochagua shule kwa picha

Nasema tulichagua kwa sababu nami nilikuwepo. Shemeji alipopata kazi Dubai, familia nzima tulikaa sebuleni tukipitisha simu mkono kwa mkono. Tuliangalia bwawa la kuogelea, maktaba yenye mazulia na watoto wa rangi zote wakicheka. Mmoja akasema hii ina bwawa kubwa zaidi. Mwingine akasema hii ina neno “International” kwenye jina. Tukamaliza.

Hakuna aliyeuliza watoto watalala saa ngapi, wala nani atampokea mtoto wa miaka 7 aliyesoma shule ya msingi ya Kiswahili na Kiingereza chake ni “good morning teacher”. Hakuna pia aliyeuliza itakuwaje mkataba wa shemeji ukiisha baada ya miaka miwili.

Mzazi, kama una safari ya kikazi au ya kibiashara na unakwenda na watoto, makosa yetu yanaweza kukuokolea fedha na machozi. Nitazungumzia zaidi Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa kuwa ndiko dada alikokwenda na ndiko Watanzania na Wakenya wengi wanakokwenda kutafuta. Hata kama wewe unakwenda Doha, Muscat au Johannesburg, maswali mengi ni yaleyale.

Neno “kimataifa” halitoshi

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba neno “kimataifa” halina mwenyewe. Hakuna chombo kimoja duniani kinachogawa ruhusa ya kulitumia. Shule inaweza kuliandika getini na bado ikafundisha mtaala wa nchi moja tu kwa walimu wa nchi moja.

Kinachosaidia ni kuangalia nani ameikagua shule hiyo. Dubai ina Mamlaka ya Maarifa na Maendeleo ya Rasilimali Watu, inayojulikana kwa kifupi KHDA. Kuanzia mwaka 2008 wakaguzi wake wamekuwa wakiingia shule binafsi na kuzipanga katika madaraja, kuanzia bora kabisa, nzuri sana, nzuri, inayokubalika, dhaifu hadi dhaifu sana. Ripoti zinawekwa wazi kwenye tovuti yao, na mzazi yeyote anaweza kuzisoma akiwa Kariakoo. Angalia pia ripoti ni ya mwaka gani, kwani shule hubadilika walimu na wakuu wanapoondoka.

Kumbuka pia kwamba Dubai si nchi nzima. Abu Dhabi ina mamlaka yake, ADEK, na Sharjah ina yake, SPEA. Ukipanga nyumba Sharjah kwa sababu kodi ni nafuu, shule za jirani yako zinasimamiwa na Sharjah.

Katika nchi ambazo ripoti za ukaguzi hazipatikani kirahisi, uliza kama shule imethibitishwa na chombo cha nje, kwa mfano Council of International Schools, au kwa shule za Kiingereza, kama imepita ukaguzi wa British Schools Overseas. Kisha usiishie kuambiwa. Nenda kwenye orodha ya chombo chenyewe ulitafute jina la shule.

Mtaala: mtoto atatokea wapi?

Shemeji alikuwa na mkataba wa miaka miwili, na swali la mtaala lilipaswa kuanzia hapo. Badala ya kuuliza upi ni bora, uliza mtoto akitoka hapo atakwenda wapi.

Shule za mtaala wa Uingereza zinampeleka mtoto kwenye mtihani wa IGCSE akiwa na miaka kama 16, kisha A-Level akiwa na 18. Uzuri wake ni kwamba mtaala huu upo pia Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, Mombasa na Kampala. Mtoto akirudi, anaendelea.

Shule za Kihindi zinazofuata bodi ya CBSE zina mitihani mikubwa darasa la 10 na la 12. Katika Ghuba ni nyingi, na kwa kawaida ada zake ziko chini kuliko za shule za Kiingereza. Mwaka wao wa masomo huanza Aprili. Ukifika Agosti, wenzake mwanao wameshatangulia miezi kadhaa.

Kuna mtaala wa International Baccalaureate, au IB, ulioanzishwa Geneva mwaka 1968. Unatambuliwa na vyuo vikuu vya nchi nyingi na unamfundisha mtoto kuuliza na kutafiti, ila shule zake mara nyingi ni ghali. Kuna pia shule za Kimarekani, ambazo uzito wake mkubwa uko kwenye alama za kila mwaka kuliko kwenye mtihani mmoja wa mwisho.

Kwa mtoto mdogo wa chekechea au darasa la pili, tofauti hizi si kubwa sana. Kwa mtoto wa sekondari, zinaweza kumgharimu mwaka mzima. Kozi ya IGCSE huchukua miaka miwili, na diploma ya IB vivyo hivyo. Kumhamisha mtoto katikati ya miaka hiyo miwili ni jambo la kuepuka kama unaweza. Kama mkataba wako unakwisha mwanao akiwa na miaka 15, panga hilo leo.

Kwa Mtanzania anayetarajia kurudi, vyeti vya sekondari vya nje hupelekwa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) kwa ajili ya ulinganifu. Kwa hiyo tunza vyeti na ripoti zote, hata zile za muhula.

Jambo moja nililifahamu nikiwa nimeshachelewa: Kiswahili nacho kina nafasi katika mitaala hii. Cambridge ina mtihani wa IGCSE wa Kiswahili, na katika diploma ya IB mwanafunzi anaweza kusoma fasihi ya lugha yake ya nyumbani kwa kujisomea chini ya usimamizi wa shule, hata kama shule haina mwalimu wa lugha hiyo. Uliza. Lugha ambayo mwanao anadhani haina kazi huko inaweza kumpatia alama.

Umri na darasa havilingani

Binti wa dada alikuwa na miaka 14 na alikuwa katikati ya kidato cha pili. Kwa umri, mtaala wa Uingereza ungemweka Mwaka wa 10, ambao ndio mwanzo wa kozi ya IGCSE. Baada ya usaili, shule ikampeleka Mwaka wa 9. Alilia siku mbili. Alihisi amerudishwa darasa.

Hali hii huwakuta wengi. Kwetu mtoto huanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6, na mwaka wa masomo huanza Januari. Katika mtaala wa Uingereza mtoto huingia Mwaka wa 1 akiwa na miaka 5, na mwaka huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba. Kwa hiyo mtoto wako wa darasa la kwanza huko anaweza kuwa Mwaka wa 2, akikaa na watoto ambao tayari wana miaka miwili au mitatu ya kusoma Kiingereza kila siku.

Usibishane na shule kwa sababu ya aibu. Uliza wamempima kwa kitu gani: hesabu, Kiingereza, au vyote? Mtoto anayejua hesabu lakini hajui lugha anahitaji msaada wa lugha, na hilo si lazima limshushe darasa. Kwa upande mwingine, binti wa dada sasa anakiri kwamba ule mwaka mmoja ulimpa nafasi ya kuianza kozi ya IGCSE akiwa amesimama vizuri.

Mtoto anaponyamaza

Sasa turudi kwa Redio. Nilipomuuliza daktari wa watoto ninayefahamiana naye kikazi, swali lake la kwanza lilikuwa: “Nyumbani anaongea?” Nikamwambia anaongea kupita kiasi. La pili: “Anasikia vizuri?” La tatu: “Ana muda gani katika lugha hiyo?”

Walimu wa lugha wanakifahamu kipindi cha ukimya. Mtoto anayeingizwa ghafla kwenye lugha asiyoijua anaweza kukaa wiki kadhaa, pengine miezi, akisikiliza tu. Katika muda huo anakusanya maneno na kuangalia wenzake wanavyofanya, na anaogopa kuchekwa. Ukimya wa aina hiyo peke yake si ugonjwa wala si upungufu wa akili.

Hii haina maana kwamba kila ukimya upuuzwe. Mtoto akinyamaza hata nyumbani, akiacha kula, akianza kukojoa kitandani ilhali alishaacha, au akilalamika tumbo kila asubuhi ya shule, mpeleke kwa daktari. Apimwe pia masikio na macho. Na mtoto akiendelea kutoongea shuleni hata baada ya kuielewa lugha, hapo mtaalamu anahitajika. Lakini kumpima mtoto akili kwa lugha asiyoijua, katika wiki ya saba, ni kumpima lugha.

Mtafiti Jim Cummins wa Canada, aliyetumia miaka mingi kuwasoma watoto wa wahamiaji, alionyesha kwamba mtoto huweza kupiga soga kwa lugha mpya ndani ya miaka kama miwili, ila lugha ya kitabu, ile ya kueleza kwa nini mmea unahitaji mwanga, huchukua miaka mitano hadi saba kufikia ya wenzake. Ndiyo maana mtoto anaweza kuwa anacheka na wenzake uwanjani na bado akafeli sayansi. Mzazi asiyelijua hilo humwita mvivu.

Kuna kosa lingine lilikaribia kufanyika. Mwalimu mmoja, kwa nia njema, alimshauri dada waache Kiswahili nyumbani ili mtoto azoee Kiingereza haraka. Dada akaanza. Nyumba ikawa kimya jioni. Shemeji, ambaye Kiingereza chake ni cha kazini, akawa anamwambia mwanawe maneno matatu: kula, oga, lala.

Wataalamu wa lugha na matamshi ya watoto wako wazi katika hili: kutumia lugha mbili hakumcheleweshi mtoto kuongea wala hakumchanganyi akili. Lugha ya nyumbani ikiwa imara, ya pili hupata pa kushikia. Mtoto anayejua “kwa sababu” na “ingawa” kwa Kiswahili anahitaji tu kupata neno jipya la jambo analolijua. Zaidi ya hapo, lugha ya nyumbani ndiyo anayolilia nayo. Ukimnyang’anya hiyo, atakueleza kwa lugha gani kwamba ameonewa?

Nilimpigia dada nikamwambia: rudisheni Kiswahili leo hii.

Kadi ya kliniki na mambo ya afya

Wazazi wengi hukumbuka pasi ya kusafiria na husahau kadi ya kliniki. Shule za Ghuba huitaka kumbukumbu ya chanjo, na kadi iliyochanika au kulowa itakusumbua. Kama imepotea, anza kufuatilia kituo ulikompeleka mtoto kabla hujasafiri.

Hata kadi iliyojaa inaweza isitoshe. Katika ratiba ya kawaida ya Tanzania, mtoto hupata chanjo ya surua na rubella akiwa na miezi 9 na miezi 18. Kule Emirates hutolewa chanjo inayounganisha surua, matumbwitumbwi na rubella, na wana pia chanjo ya tetekuwanga. Usishangae wala usikasirike mwanao akiambiwa aongezewe chanjo. Haina maana kwamba za nyumbani zilikuwa mbovu. Ratiba za nchi mbili zinatofautiana.

Kama mtoto ana selimundu, pumu, kifafa au mzio, mweleze muuguzi wa shule kabla ya siku ya kwanza, kwa maandishi. Shule binafsi za Dubai zinatakiwa kuwa na kliniki yenye muuguzi, kwa hiyo mtu wa kumweleza yupo. Kwa mtoto mwenye selimundu hili ni jambo zito. Joto la kule na upungufu wa maji mwilini vinaweza kuamsha maumivu, na baridi kali ya kiyoyozi nayo vilevile. Uliza kama ataruhusiwa kunywa maji darasani muda wowote, kwenda chooni bila kusubiri, na kuvaa sweta.

Tahadhari ya dawa: baadhi ya dawa ambazo hapa daktari anaweza kumwandikia mgonjwa wa maumivu makali, kama zenye codeine au tramadol, kule zinadhibitiwa kisheria. Usizitie begini kimyakimya. Beba barua ya daktari na cheti cha dawa, na uombe kibali cha mamlaka husika za kule kabla ya kusafiri.

Mtoto mwenye mahitaji maalumu naye ana haki. Kule huitwa watu wenye azma, na Dubai ilitoa mwongozo wake wa elimu jumuishi mwaka 2017. Usimfiche mtoto ili apokelewe. Sema wazi, kisha uliza shule ina wataalamu gani na gharama ni ya nani.

Basi la alfajiri

Dada na shemeji walipanga Sharjah na shule ilikuwa Dubai. Kwenye ramani ya simu palionekana karibu. Hakuna aliyetuambia kuhusu foleni ya asubuhi kati ya miji hiyo miwili. Basi lilimchukua mtoto saa 11:45 alfajiri, maana yake aliamka saa 11 kamili. Jioni alifika akiwa amesinzia na mkoba mgongoni.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Wa kuamka saa 11 alfajiri anatakiwa awe amelala kabla ya saa 2 usiku. Shemeji alikuwa anarudi kazini saa 2 kasoro. Kwa hiyo mtoto ama hakulala vya kutosha, ama hakumwona baba yake.

Mtoto mwenye usingizi pungufu huwa na hasira, husahau na hunyamaza. Sehemu ya ukimya wa Redio ilikuwa usingizi. Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba au wa shule, muulize mzazi anayeishi mtaa huohuo basi linapita saa ngapi na linafika saa ngapi. Kama hujui mtu, Watanzania wa pale wana makundi yao ya simu. Uliza huko.

Fedha: soma kila mstari

Ada za shule binafsi Dubai zinaanzia dirhamu elfu chache kwa mwaka na kuzidi 100,000. Dirhamu imefungwa kwa dola, takriban dirhamu 3.67 kwa dola moja, kwa hiyo ukipata shilingi, mabadiliko ya dola yanakugusa kila muhula.

KHDA huchapisha ada iliyoidhinishwa kwa kila shule, darasa kwa darasa. Linganisha na ulichoambiwa kwenye simu. Kisha uliza yasiyomo: basi, sare, vitabu, kompyuta mpakato, chakula, ada ya mitihani, masomo ya ziada ya Kiingereza.

Baba au mama anayeajiriwa aulize mwajiri maswali haya kabla ya kusaini: posho ya shule ni ya watoto wangapi? Inalipwa kwa shule au kwako? Inaanzia chekechea au darasa la kwanza? Kazi ikikoma katikati ya muhula, nani anadaiwa? Kwa shemeji, posho ilikuwa ya mtoto mmoja. Walikuwa nayo kwenye mkataba, na hakuna aliyeisoma.

Na hata kabla ya shule, sheria ya kule inamtaka anayedhamini familia awe na mshahara usiopungua dirhamu 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na nyumba. Kama mshahara unagusa hapohapo, ada ya shule ya picha itawabana hadi kwenye chakula. Hakuna aibu kuchagua shule ya ada ndogo iliyo karibu na nyumbani.

Maswali saba ya kuuliza shule

Andika kwenye simu yako, uyaulize hata kwa njia ya video:

1. Mtoto asiyejua Kiingereza anapokelewa na nani siku ya kwanza, na kwa saa ngapi kwa wiki?

2. Msaada huo wa lugha umo ndani ya ada au unalipiwa?

3. Darasa lina watoto wangapi, na mwaka jana waliondoka walimu wangapi?

4. Mtoto mgeni anapewa mwenzake wa kumwongoza wiki za mwanzo?

5. Akionewa au akibaguliwa kwa rangi, taarifa inapelekwa kwa nani na hufanyika nini?

6. Muuguzi yupo muda wote wa masomo?

7. Tukiondoka katikati ya mwaka, tunarudishiwa kiasi gani, na barua ya uhamisho inachukua siku ngapi?

Hiyo barua ya uhamisho uiombe pia katika shule unayotoka hapa nyumbani. Kwa madarasa ya juu kidogo, mara nyingi hutakiwa ithibitishwe na Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wa nchi unayokwenda. Ukisahau, utamtuma mdogo wako azunguke ofisi kwa niaba yako. Mimi nilizunguka.

Na usisahau kumuuliza mtoto mwenyewe. Binti wa dada aliambiwa kuhusu safari wiki tatu kabla, wakati tayari mabegi yako sebuleni. Hakupata hata nafasi ya kuwaaga vizuri wenzake.

Neno la kwanza

Dada hakumrudisha mtoto Tanga. Aliandika barua kwa mkuu wa shule akiomba mambo matatu: mtoto apimwe masikio, aongezewe msaada wa lugha, na suala la upimaji wa akili lisubiri hadi mwisho wa muhula wa pili. Shule ikakubali. Daktari aliwashauri pia wasimhamishe katikati ya mwaka, ili asianze ugeni mara ya pili.

Wiki ya kumi, mwalimu wa Kiarabu, somo ambalo kule watoto wa shule binafsi hujifunza hata wasio Waarabu, aliinua kalamu mbele ya darasa akasema “qalam”. Kisha akainua daftari: “daftar”. Kisha kitabu: “kitab”. Redio akatazama huku na huku. Wale watoto waliokuwa wakimzidi kila somo walikuwa wanahangaika kukariri maneno ambayo yeye alikua nayo. Akanyoosha mkono. Sauti ya kwanza aliyotoa darasani tangu afike ilikuwa “kalamu”, kwa matamshi ya Tanga. Mwalimu akapiga makofi.

Sitasema kwamba mambo yalinyooka siku hiyo. Kiingereza kilikuja taratibu, kwa makosa mengi. Mwaka ulipoisha, dada na shemeji waliwahamishia wote wawili shule ya Sharjah, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani. Haina bwawa la kuogelea. Ina mwalimu wa lugha anayewajua watoto kwa majina. Posho ya mtoto mmoja bado inawabana, na fedha za ule mwaka wa kwanza hazirudi.

Ila wiki iliyopita nilipata ujumbe wa sauti wa dakika sita. Alikuwa ananieleza kuhusu paka wa jirani yao Mfilipino, kwa Kiswahili, na katikati akaingiza Kiingereza na Kiarabu bila kutambua. Nilimtumia bibi yake. Akanijibu kwa maneno mawili: “Redio imewaka.”